Bibi wa bibi alitoka wapi? Jibu limo kwenye daftari la ubatizo

KIGONGO. Tangu Juni 19, 2025, kuvuka Ghuba ya Mwanza kutoka Kigongo kwenda Busisi ni safari ya dakika chache. Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita tatu, limepokea kazi iliyofanywa na vivuko kwa miaka mingi. Wachumba wa pande mbili za ghuba hawasubiri tena foleni ya kivuko. Hata hivyo, kuna foleni moja ambayo daraja halikuiondoa. Ni foleni ya wazee kwenye kikao cha posa, kila mmoja akiuliza swali lile lile: "Huyu binti ni wa nani, na bibi yake alitoka wapi?"

Chukua mfano wa kijana wa Kigongo aliyechumbia binti wa Sengerema. Barua ya posa imejibiwa, mahari imeanza kutajwa. Siku ya kikao, bibi mzaa baba wa kijana, mwenye umri wa zaidi ya miaka 80, anasikia wageni wakitaja mababu zao. Linapotajwa jina la bibi mmoja wa zamani, anaweka kikombe cha chai chini.

"Mume wangu," anamwambia mjukuu wake, kwa utani wa bibi na mjukuu ambao leo hauchekeshi. "Subiri kwanza. Bibi yangu mimi aliitwa Maria, wa misheni ya Bukumbi. Alikuwa na dada yake, Cecilia, aliyeolewa ng'ambo. Wakitembeleana kwa mtumbwi. Kama binti huyu ni wa uzao wa Cecilia, basi unataka kuoa dada yako."

"Bibi, una hakika walikuwa ndugu wa damu?"

"Waliitana dada. Wewe ulitaka waitane nani?"

Kikao kinaahirishwa. Hakuna cheti cha kuzaliwa cha Maria wala cha Cecilia, na makaburi yao hayana maandishi. Kilichobaki ni kumbukumbu ya bibi mmoja, na pengine mistari michache ya wino kwenye daftari la misheni. Tatizo ni kwamba mistari hiyo imeandikwa kwa Kilatini, kwa mkono wa padre Mfaransa aliyekwisha kufa zamani, na kwa tarehe ambazo mtu wa leo anaweza kuzisoma visivyo.

Familia nyingi za ukanda wa Ziwa Victoria ziko katika hali hiyo. Wengine hutafuta mizizi kwa ajili ya ndoa, wengine kwa ajili ya mirathi, wengine kwa sababu mzee amefariki na wajukuu wamegundua kwenye matanga kwamba hakuna anayejua jina la mama yake. Habari njema ni kwamba madaftari haya yana mpangilio, na anayejifunza maneno machache anaweza kuyasoma.

Kwa nini Bukumbi

Wamisionari wa Afrika, waliojulikana zaidi kama Mapadre Weupe kwa sababu ya kanzu zao, walifika Kageye, kusini mwa ziwa, mwishoni mwa Desemba 1878. Kutoka hapo walivuka kwenda Buganda mwaka 1879. Mambo yalipokuwa magumu huko, waliondoka mwishoni mwa mwaka 1882 wakiwa na watoto waliokuwa wakiwalea, na mwaka 1883 wakaweka makazi Bukumbi, upande ule ule wa ghuba ilipo Kigongo. Katika maandishi ya wakati huo mahali hapo huitwa pia Kamoga. Ni hapo ambapo Joseph Hirth aliwekwa wakfu kuwa askofu mwezi Mei 1890.

Mapadre hao walikuwa Wafaransa kwa wingi, na walikuwa watu wa kuandika. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika lao Algeria mwaka 1868, aliagiza kila kituo kiwe na shajara ya matukio ya kila siku. Shajara hizo ziliandikwa kwa Kifaransa, na makao makuu ya shirika yaliyoko Roma yana hifadhi kubwa ya maandishi ya namna hiyo. Lakini kwa mtu anayetafuta ukoo, hazina ya kwanza iko karibu zaidi. Ni madaftari ya parokia.

Kanisa Katoliki liliagiza maparoko kuandika ubatizo na ndoa tangu Mtaguso wa Trento, mwaka 1563. Kwa hiyo padre aliyefika Usukuma hakubuni utaratibu mpya. Alifungua kitabu kitupu akaandika kama ambavyo angeandika Ufaransa, Italia au Hispania. Jambo hili ndilo linalomsaidia msomaji wa leo: anayejua kusoma daftari la parokia moja anaweza kusoma la nyingine, hata kama ziko bara tofauti.

Vitabu vinne vya kuulizia

Kitabu cha kwanza kinaitwa Liber Baptizatorum, yaani kitabu cha waliobatizwa. Kwa kawaida kila ubatizo una namba yake, na namba hiyo huandikwa kwenye cheti cha ubatizo, mara nyingi ikitanguliwa na herufi LB. Cheti kilichochanika cha bibi, kama bado kinaonyesha namba na jina la parokia, kina thamani kuliko hadithi ndefu.

Cha pili ni Liber Confirmatorum, cha waliopata kipaimara. Cha tatu ni Liber Matrimoniorum, cha ndoa. Cha nne ni Liber Defunctorum, cha marehemu. Baadhi ya parokia zina pia Status Animarum, ambacho ni orodha ya waumini nyumba kwa nyumba, baba, mama na watoto wao pamoja. Anayekipata hiki ameokota dhahabu, kwa sababu familia nzima inaonekana kwenye ukurasa mmoja.

Sheria za Kanisa za mwaka 1917 ziliagiza nakala za vitabu vya parokia zipelekwe kila mwaka kwa askofu. Kwa hiyo daftari likiliwa na mchwa au likilowa, inafaa kuuliza pia ofisi ya jimbo. Na hapa historia ya mipaka ni muhimu. Mwanza ilipata hadhi ya vikariati mwaka 1929, ikawa jimbo mwaka 1953 na jimbo kuu mwaka 1987. Jimbo la Geita, ambalo Sengerema imo ndani yake, lilianzishwa mwaka 1984 kwa kumegwa kutoka Mwanza. Mtu anayemtafuta bibi aliyebatizwa miaka ya 1890 asianze na parokia iliyo karibu na nyumbani leo. Aulize ni misheni gani ilikuwapo wakati huo.

Kilatini cha daftari si kikubwa

Anayefungua daftari la zamani kwa mara ya kwanza huogopa. Baada ya kurasa tatu hugundua kwamba padre alikuwa akirudia sentensi ile ile, akibadilisha majina na tarehe. Mstari wa Maria wa mfano wetu ungeweza kuwa hivi:

*Die 24 Xbris 1892 ego infrascriptus baptizavi Mariam, circiter 8 annorum, redemptam, ex Usui oriundam, parentibus ignotis. Matrina fuit Anna.*

Neno "die" ni siku. "Ego infrascriptus baptizavi" ni "mimi niliyesaini hapa chini nimembatiza". "Circiter 8 annorum" ni "mwenye miaka takriban 8", na neno hilo "circiter" lisipuuzwe. Padre alikuwa akikisia umri kwa kumtazama mtoto. "Matrina" ni mama wa ubatizo, na wa kiume huitwa "patrinus".

Maneno mengine yanayojirudia ni "natus" kwa mvulana aliyezaliwa na "nata" kwa msichana. "Filius" ni mwana wa kiume na "filia" ni binti. "Pater" ni baba, "mater" ni mama. "Uxor" ni mke, "vidua" ni mjane. "Obiit" ni alifariki na "sepultus" ni alizikwa. "Testes" ni mashahidi wa ndoa. "Paganus" alikuwa mzazi asiyebatizwa, na kuliona neno hilo mbele ya jina la babu kusimkasirishe mtu. Kwa padre wa wakati ule lilikuwa neno la kazi, na kwa mtafiti wa leo lina faida: linaonyesha kwamba huyo babu hatapatikana katika vitabu vya ubatizo kabla ya tarehe hiyo.

"In periculo mortis" maana yake mtu alibatizwa akiwa katika hatari ya kufa. Katika mistari ya namna hiyo habari huwa chache, kwa sababu hakukuwa na muda wa kuuliza. Kinyume chake, mtu mzima aliyebatizwa akiwa na afya alikuwa amefundishwa muda mrefu. Lavigerie aliagiza mafundisho ya miaka minne kabla ya ubatizo. Ukikuta babu amebatizwa mtu mzima mwaka 1910 kwa utaratibu huo, ujue alianza kufika misheni yapata mwaka 1906.

Jina moja, sura nyingi

Katika mstari ule, Maria ameandikwa "Mariam". Mjukuu anaweza kudhani amepata mtu mwingine, au hata kwamba bibi alikuwa na jina la Kiislamu. Hapana. Kilatini hubadilisha mwisho wa jina kufuatana na kazi yake katika sentensi. Anayebatizwa Maria huandikwa Mariam, Petro huandikwa Petrum. Baba anapotajwa, "filia Petri" ni binti wa Petro, na "filius Joannis" ni mwana wa Yohana. Kwa hiyo Petrus, Petrum, Petri na Petro ni mtu mmoja.

Baadhi ya majina yamejificha zaidi. Joannes ni Yohana, Jacobus ni Yakobo, Carolus ni Karoli, Caecilia ni Cecilia au Sesilia. Herufi J husomwa kama Y.

Majina ya Kisukuma yana shida yake. Padre aliyasikia kwa sikio la Kifaransa, na Kifaransa huandika sauti ya "u" kwa herufi mbili, "ou". Ndiyo maana Bukumbi huonekana kama Boukoumbi na Usukuma kama Ousoukouma. Sauti ya "sh" huwa "ch", hivyo Shija anaweza kuandikwa Chija, na mtu akimsoma Chija kwa Kiswahili atampotezea njia. Sauti ya "ng'w" ilimshinda mgeni kabisa. "Ng'wana" huweza kuandikwa kwa namna tofauti katika ukurasa mmoja. Wajerumani waliotawala hadi Vita Kuu ya Kwanza nao waliandika Muansa. Dawa ni moja: soma jina kwa sauti, tena mbele ya mzee anayejua Kisukuma cha zamani. Mara nyingi sikio litatambua kile ambacho jicho limekikataa.

Majina hayo ya nyumbani yana habari ndani yake. Kulwa na Doto ni mapacha, na Shija ni mtoto aliyewafuata. Kwa hiyo ukimpata Shija daftarini, tafuta mapacha waliomtangulia. Huenda padre hakuwaandika kwa sababu walifariki wachanga. Mabula huashiria kuzaliwa wakati wa mvua, Mayala wakati wa njaa. Hata hivyo, Mabula ni wengi kama mvua zenyewe. Familia mbili kuwa na babu anayeitwa Mabula si ushahidi wa undugu mpaka kijiji, mke na miaka vilingane.

Mtego wa tarehe

Kosa linalowapata wengi ni la miezi. Katika mstari wa Maria imeandikwa "Xbris". Msomaji wa leo anaona X, anakumbuka namba za Kirumi, anaandika Oktoba. Amekosea kwa miezi miwili. X ni kumi, lakini kumi kwa Kilatini ni "decem", na Xbris ni Decembris, yaani Desemba. Kwa mantiki hiyo hiyo, 7bris ni Septemba wala si Julai, 8bris ni Oktoba na 9bris ni Novemba. Majina hayo yametokana na kalenda ya kale ya Warumi iliyoanza mwaka mwezi Machi.

Mtego huu unawanasa pia Wamarekani, Wabrazili na Waargentina wenye asili ya Italia, ambao nao hutafuta mababu zao. Nyaraka za zamani za Italia huandika 7bre na 8bre kwa maana ile ile. Huko kuna mtego mwingine wa neno dogo: "di Giovanni" ni mwana wa Giovanni aliye hai, lakini "fu Giovanni" ni mwana wa marehemu Giovanni. Herufi mbili zinamwambia mjukuu kwamba babu alikuwa amekwisha kufa siku ile. Hifadhi za nyaraka za Italia zimeweka picha za madaftari mengi ya kiserikali kwenye intaneti bila malipo, kupitia tovuti iitwayo Antenati.

Habari hiyo inawahusu Watanzania pia. Mapadre wa Consolata kutoka Italia walifika Iringa mwaka 1919, na Wapasionisti Waitaliano wakafuata Dodoma miaka ya 1930. Familia za huko zinaweza kukuta barua na maelezo ya misheni kwa Kiitaliano, huku mistari ya ubatizo ikibaki ya Kilatini kama ya Bukumbi.

Kuhusu mwandiko wenyewe, wazoefu hawaanzi na neno gumu. Huanza na yale wanayojua lazima yawepo: miezi, "baptizavi", Maria, Petrus. Kutoka hapo huandika pembeni jinsi padre huyo anavyochora kila herufi. Moja ya Kifaransa ina mkia mrefu unaoifanya ifanane na saba. Herufi "n" na "u" hufanana kama pacha. Ukishajua mkono wa padre mmoja, unaweza kusoma miaka yake yote. Akihamishwa, unaanza upya na anayefuata. Siku hizi kuna programu za kompyuta, kama Transkribus, zinazosaidia kusoma mwandiko wa kale, lakini programu haijui kwamba Chija ni Shija. Mzee anajua.

Usisahau pambizo

Watu wengi husoma mstari wa katikati na kufunga kitabu. Wanaacha nusu ya habari. Kwa utaratibu wa Kanisa, kipaimara na ndoa ya mtu huandikwa tena kando ya mstari wake wa ubatizo, hata kama ndoa imefungwa parokia nyingine. Kwenye pambizo ya Maria wa mfano wetu kungeweza kuwa na maneno "Matr. cum Joanne, 1902", yaani alifunga ndoa na Yohana mwaka 1902. Sasa mjukuu ana mwaka, na ana sababu ya kufungua kitabu cha ndoa, ambako atakuta mashahidi. Mashahidi na wazazi wa ubatizo hawakuokotwa njiani. Mara nyingi walikuwa ndugu, jirani au mtu aliyemlea mwenye sherehe.

Neno ambalo familia haikutegemea

Limebaki neno moja katika mstari wa Maria: "redemptam". Maana yake ni aliyekombolewa. Pamoja na "parentibus ignotis", wazazi wasiojulikana, linaeleza jambo ambalo ukoo huenda ulilinyamazia kwa miaka zaidi ya 100. Maria alikuwa mtoto mtumwa, na mapadre walitoa mali ili kumwachisha kutoka kwa waliomshika.

Katika karne ya 19, misafara ya watumwa na pembe za ndovu ilipita kusini na magharibi mwa ziwa, na vita vya watawala viliacha watoto mateka. Mapadre Weupe waliwakomboa baadhi yao na kuwalea katika vituo vyao. Bukumbi palikuwa pia mahali pa kukimbilia: mapadre waliofukuzwa Buganda mwaka 1888 walirudi hapo, na Kabaka Mwanga mwenyewe aliyepinduliwa alipata hifadhi kwao mwaka 1889. Kwa hiyo daftari la misheni hiyo halikuwa la Wasukuma peke yao. Mtoto angeweza kutoka Usui, Buganda au mbali zaidi, akakua akisema Kisukuma, akaolewa na Msukuma, akawa Msukuma.

Mjukuu anayekutana na neno hilo ofisini kwa paroko ana mzigo wa kubeba nyumbani. Je, aliseme kwenye kikao mbele ya wakwe? Je, amwambie bibi, ambaye maisha yake yote amejua kwamba ukoo wake ni wa hapa hapa?

Ushauri wa busara ni kumwambia mzee kwanza, faraghani, kabla ya kuwaambia wengine au kurusha picha kwenye kundi la simu la familia. Mara nyingine mzee anajua tayari. Alinyamaza kwa sababu neno "mtumwa" lilitumiwa kuwatukana watu na kuwanyima urithi. Na hakuna aibu kwa aliyeuzwa. Aibu ni ya aliyeuza. Vivyo hivyo kwa mtoto aliyeandikwa bila jina la baba. Daftari liliandika hali ya siku moja, halikutoa hukumu juu ya uzao wake wote.

Unapokwenda parokiani

Anayetaka kusaka ukoo aanze nyumbani. Akae na wazee, aandike majina yote wanayoyakumbuka, ya ubatizo na ya kienyeji, vijiji, na matukio ya kukadiria miaka, kama njaa, vita au ugonjwa wa sotoka ulioua ng'ombe Afrika Mashariki mapema miaka ya 1890. Vyeti vya zamani vipigwe picha vikiwa mezani, bila kukunjuliwa kwa nguvu.

Parokiani aende na utambulisho, ikiwezekana barua ya parokia yake, na aombe miadi. Madaftari si maktaba ya kila mtu. Yana habari za watu walio hai na siri za familia nyingine. Huenda paroko au katibu atasoma mwenyewe na kumpa dondoo. Hapo aombe kwa adabu asomewe mstari mzima na pambizo yake, kwa sababu cheti kinachojazwa upya huacha maneno kama "redemptam" au "circiter". Akiruhusiwa kugusa daftari, mikono iwe safi na mikavu, awe na penseli badala ya kalamu ya wino, na asilambe kidole kufungua kurasa. Anaponakili, anakili herufi kama zilivyo, hata zile anazodhani ni makosa, na tafsiri aiandike pembeni. Kilatini kikimshinda, atafute mzee aliyesoma seminari zamani. Wapo wengi vijijini, na hufurahi kuulizwa.

Kazi hii ina faida za leo pia. Kwa wazee wengi wa vijijini cheti cha ubatizo kilitangulia cheti cha kuzaliwa, na ni miongoni mwa vielelezo vinavyoweza kuambatanishwa wakati wa kuomba cheti cha kuzaliwa kwa aliyechelewa kusajiliwa. Anayekitafuta kwa ajili ya ukoo anaweza kuwa anamtengenezea mama yake njia ya kupata haki yake.

Kikao cha pili

Turudi kwa wachumba wetu. Mstari wa Cecilia, katika mfano huu, unapatikana kurasa chache baada ya wa Maria: alibatizwa 8bris mwaka 1893, naye amekombolewa, naye wazazi hawajulikani, lakini yeye ametoka Uganda, si Usui. Mama yake wa ubatizo ni yule yule, Anna. Picha inaanza kueleweka. Watoto wawili wasio na mtu, kutoka pande mbili tofauti, walikutana misheni wakapewa mama mmoja. Wakaitana dada.

Kwa sheria ya Kanisa ya leo, inayozuia ndoa za karibu hadi watoto wa ndugu wawili, vijana hawa hawana kizuizi. Hata kama Maria na Cecilia wangezaliwa tumbo moja, vizazi vimekwisha kuwa mbali. Lakini hofu ya kikao haikuwa ya sheria. Ilikuwa ya damu na ya heshima kwa wazee, na hayo hayamalizwi na paroko.

Kijana anamfuata bibi jioni, peke yake. Anamwamkia, anakaa chini, anamsomea polepole. Bibi anasikiliza hadi mwisho.

"Usui," anasema. "Ndiyo maana bibi alikuwa akiimba nyimbo tusizozielewa."

"Bibi, daftari linaonyesha hawakuwa ndugu wa damu."

"Daftari limesema ya damu, nimesikia. Undugu wao nitausema mimi." Ananyamaza kidogo. "Wale watoto walinunuliwa kama mbuzi. Hawakuwa na baba wa kuwapokelea mahari. Kama leo wajukuu wao wanaposwa kwa barua, na wazee wamekaa kwenye viti, basi hilo ndilo walilolitamani. Waambie wa ng'ambo waje. Ila mtoto wa kwanza wa kike ataitwa Anna, maana huyo ndiye aliyewafanya dada."

Karatasi peke yake isingemaliza kikao hicho, wala kumbukumbu ya bibi peke yake. Daftari halikujua kwamba watoto wale walitembeleana kwa mtumbwi mpaka uzeeni. Bibi hakujua kwamba mmoja alitoka Usui na mwingine Uganda. Wino wa daftari umekaa zaidi ya miaka 100 na unaweza kungoja. Mzee mwenye miaka 80 na zaidi ndiye asiyengoja, na ndiye wa kuanza naye wiki hii.